Uzi wa Kijani

Magauni yalirudi mchana kweupe, saa ambayo mtaa mzima umeshaamka na hauna kazi kubwa zaidi ya kutazama. Shangazi wa bibi harusi aliyabeba mwenyewe begani. Akapita nayo mbele ya kinyozi, mbele ya saluni, mbele ya mpima macho na miwani yake ya kuning'inia, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi kwa sababu uso wake ulikuwa umeshajibu. Alipoingia dukani kwa Fundi Mzee hakusalimu mtu. Aliyatandaza juu ya meza ya kukatia, moja baada ya jingine, kisha akarudi nyuma na kufunga mikono kifuani.

"Haya," alisema. "Nielezeni wenyewe."

Yalikuwa magauni ya wapambe wa bibi harusi, kitambaa cha kijani kilichoiva, chenye mng'ao wa mbali. Viuno vimekaa, shingo zimetulia, na pindo zake hata kipofu angezipapasa angemsifu aliyeshona. Ila mikono yake yote, kuanzia begani hadi kwenye vifundo, ilikuwa ya kahawia.

Dada Mkubwa aliingia muda huohuo, ana pakiti ya vifungo mkononi. Siku mbili alikuwa kwa mama mkwe wake anayeumwa, na huko moyo wake haukutulia, maana duka hili aliliacha mara chache sana. Aliona kosa akiwa bado kizingitini. Lakini hakuyatazama magauni kwa muda mrefu, alimtazama baba yake. Mzee alikuwa ameinama mezani, anageuza mkono wa gauni, anauvuta mshono kwa kidole gumba, anautafuta ubaya pale asipoweza kuuona.

"Mshono ni mzima, mama," Fundi Mzee alisema kwa upole. "Hautafumuka huu."

"Mshono? Nani kakuuliza mshono?" Shangazi aliangalia huku na huku, kama anatafuta shahidi. "Kijani na kahawia, fundi. Tumeomba magauni, mmetushonea miti."

Nje mtu alicheka. Dada Mkubwa aliweka vifungo chini, akasogea hadi ubavuni mwa baba yake na kusema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika, "Ni rangi, shangazi, tumeona. Mikono imekatwa kwenye kahawia badala ya kijani. Tutaibadilisha."

"Naam, rangi," alidakia mzee haraka. "Rangi imekosewa. Tutabadilisha."

Ndivyo binti alivyozoea kumsaidia. Tangu mama yake afariki, Dada Mkubwa alikuwa akimtajia baba yake rangi bila kuonekana anazitaja, kama mtu anayemshika mkono mgonjwa huku akijifanya wanatembea tu pamoja.

"Harusi Jumamosi," alisema shangazi. "Leo ni Alhamisi. Kesho mchana nitapita nione mmefika wapi. Nikikuta hakuna kitu, nitasimama hapo nje niwaambie watu mahali pa kutoshona nguo. Na sauti ninayo."

Hilo la sauti hakuna aliyelibishia.

Alipoondoka, Fundi Mzee aliketi. Hakuwa mtu wa kufoka, na hilo ndilo lililowaogopesha watu wake, kwa kuwa hasira yake ilikuwa ya kimyakimya na hukujua imefika wapi.

"Nani aliyekata mikono hii?"

Kijana aliinuka nyuma ya cherehani, akainamisha shingo ili kichwa kisiguse taa. Huyu ndiye Mrefu, mtoto wa pekee wa Dada Mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa. Alikuwa baba yake mtupu, yule dereva wa malori ambaye nyumbani alionekana kwa nadra: mrefu, mweupe, mpole, mla polepole. "Huyu hana changu hata ukucha mmoja," babu yake alipenda kusema, na watu wakadhani ni utani. Yeye ndiye aliyemkabidhi mkasi mkubwa kijana alipomaliza shule, na duka zima lilijua kwamba siku moja litakuwa lake.

"Mimi, babu. Nilichukua jora la rafu ya pili, palepale nilipotoa la kukatia viwiliwili. Kijani hukaa rafu ya pili."

"Rafu ya pili ilikuwa inavujiwa," sauti ilisema mlangoni. "Nilivihamisha vitambaa siku ya mvua. Kijani nikakipandisha juu, na palipokauka nikashusha kahawia pale."

Wote waligeuka. Alikuwa mdogo wake Dada Mkubwa, mtoto wa mwisho wa mzee, amesimama na mkoba wa safari begani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa. Mkunga alipomtoa tu alicheka, akasema hii ni kopi, na tangu hapo akawa Kopi. Masikio ya baba yake yaliyotoka nje, pengo la meno la baba yake, bega la kulia linalotangulia wakati wa kutembea, mkono wa kushoto, hata kupiga chafya mara tatu mfululizo. Ukiwaona wawili hao kwa nyuma ungemwita baba ukageukiwa na mwana.

"Nani alikutuma?" aliuliza mzee.

"Mvua."

"Nimekwambia mara ngapi usiguse kitu humu ndani?"

"Ningeviacha vilowe, baba?"

"Ungeviacha vilowe. Afadhali kitambaa kilichoharibika kuliko hiki. Wewe rangi huzijui."

Kopi alitabasamu kidogo, akidhani amesikia vibaya. "Nani hajui rangi?"

"Wewe. Tangu mdogo. Nimekusitiri miaka yote. Nikakutafutia kazi ya maturubai huko kwenye malori kusudi usiaibike, turubai ni turubai, halina rangi. Hata hivyo umenifuata hapahapa kuja kuniaibisha mimi."

Mara tatu Kopi alikuwa ameliomba cherehani la marehemu mama yake, lililofunikwa shuka pale pembeni, na mara tatu alinyimwa bila sababu. Sasa sababu ilikuwa imesemwa mbele ya mpwa wake, mbele ya kinyozi aliyesimama dirishani akijifanya anatikisa taulo.

"Nilikuja kuaga," alisema hatimaye. "Nimepata kazi machimboni, kwenye mahema. Mkataba wa miaka miwili. Lori linaondoka kesho jioni."

"Nenda," alisema mzee. "Na ukirudi, usirudie humu."

Kopi alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya mwisho. Alitoka, bega la kulia mbele. Fundi Mzee alimtazama hadi alipopotea, na Dada Mkubwa, aliyemjua baba yake, aliona kwamba anaumia. Lakini aliona pia kwamba hatamwita.

*

Siri ya mzee Dada Mkubwa alipewa na mama yao, wiki za mwisho za ugonjwa wake. "Baba yako rangi nyingine hazimjii," mama alimwambia. "Nyekundu, kijani, kahawia, damu ya mzee, kwake ni watoto wa mama mmoja. Mpangie nyuzi. Usimwambie mtu." Ndiyo sababu ubao wa nyuzi ulikuwa na vijiti, na kila kijiti kina rangi yake, na ole wake anayehamisha. Ndiyo sababu majora yalikaa kwa mpangilio uleule, na mteja akija na kitambaa aliombwa kwanza ataje rangi yake mwenyewe. Wateja waliona ni adabu ya fundi wa zamani. Wengine waliwaambia rafiki zao, nenda kwa yule mzee, anakusikiliza.

Na kuhusu Kopi, mzee alimwambia binti yake waziwazi: "Amechukua kila kitu changu, na hilo amelichukua." Dada Mkubwa aliamini. Nani angebisha? Ukimtazama Kopi ulimwona mzee. Dada Mkubwa hakuwahi kumpima, kwa kuwa kumpima kungekuwa kumwambia.

Lakini jioni ile, akifumua mikono ya kahawia kwa wembe, jambo moja lilimkaa kooni. Kopi alihamisha majora, sawa. Lakini Mrefu aliyekata alikuwa na macho. Jora likihamishwa rafu, rangi yake haihami.

Alichukua vipande viwili, kimoja cha gauni, kimoja cha mkono.

"Mwanangu, nipe cha kijani hapo."

Mrefu alivipokea. Alivigeuza, akavisugua kwa kidole, akavipeleka karibu na taa. Kisha akauliza swali ambalo Dada Mkubwa alikuwa amelisikia maisha yake yote kutoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Umevitoa rafu gani?"

Dada Mkubwa aliketi kwenye benchi la wateja.

"Mrefu, hivi ni sawa, vyote viwili?"

"Si sawasawa kabisa. Kimoja kina giza kidogo." Alimtazama mama yake, akaanza kuogopa. "Kwani watu huwa wanajuaje, mama? Mimi nilidhani kila mtu anakariri. Shuleni nilikariri penseli kwa maandishi yake. Hapa nimekariri rafu."

*

Mpima macho alikuwa mtu mchangamfu mwenye kibanda cha kioo, na suruali zake zote zilishonwa na Fundi Mzee. Asubuhi ya Ijumaa alimfungulia Mrefu kitabu chenye duara za vitone vya rangi. Ukurasa wa kwanza Mrefu alisoma kumi na mbili. Wa pili alisema hauna kitu. Wa tatu akasema hauna kitu. Dada Mkubwa, amesimama nyuma yake, aliziona namba zote zikiwa kubwa na wazi kama zimeandikwa ukutani, na kila mwanawe alipotikisa kichwa yeye alitamani kumnong'oneza.

"Si ugonjwa," alisema mpima macho akifunga kitabu. "Anaona mbali kuliko mimi. Ila nyekundu na kijani hazimfikii inavyotakiwa. Amezaliwa hivyo. Kwenu yupo mwingine?"

Dada Mkubwa aligeukia kioo. Nje, ng'ambo ya barabara, baba yake alikuwa anafungua madirisha ya duka.

"Tuseme yupo babu yake," alisema. "Mzaa mama."

"Basi imepita kwako."

"Kwangu? Mimi naona rangi zote. Mimi ndiye ninayewapangia."

"Unaona, ndiyo, na bado umeibeba. Sikiliza, dada yangu, nitakueleza kama nilivyofundishwa." Alichomoa kamba mbili za miwani, akazilaza mezani. "Mwili unajengwa kwa maelekezo, ndiyo hivyo vinasaba, na vimepangwa kwenye vitu kama nyuzi. Uzi mmoja una maelekezo ya rangi hizi. Mwanamke anao miwili, mmoja wa mama yake na mmoja wa baba yake. Ukiwa na kasoro mmoja, ule mzima unamfaa na haoni tofauti. Mwanamume anao mmoja tu, aliopewa na mama yake. Baba yake alimpa uzi mwingine, mfupi, unaomfanya awe mwanamume, na huo hauna habari ya rangi. Kwa hiyo wake mmoja ukiwa na kasoro, hana wa akiba."

Aliinua kamba moja. "Baba yako wewe alikupa huu. Hakuwa na mwingine wa kukupa. Wewe ukazaa mtoto wa kiume, ukampa mmoja kati ya miwili yako. Ungeweza kumpa mzima. Ni kama kurusha sarafu. Hukuchagua."

Dada Mkubwa aliigusa kamba iliyobaki mezani. "Na mtoto wa kiume wa mzee huyo? Tuseme amefanana naye kwa kila kitu. Masikio, meno, hata chafya."

"Masikio ni masikio. Kila sifa ina njia yake, hazisubiriani. Uzi wa rangi mzee hakumpa mwanawe wa kiume, hata wangefanana vipi. Labda mama yao naye awe alibeba kasoro hiyo hiyo, na hilo ni nadra. Mpime uone. Lakini kama ungeniambia nibahatishe, ningesema huyo anaona vizuri kuliko sote." Akamgeukia Mrefu. "Si ndiye yule mjomba wako wa maturubai?"

Mrefu alikuwa anaangalia zile kamba mbili mezani, na Dada Mkubwa alijua kwamba ameelewa yote.

Walipotoka, kijana alisema, "Babu alinipa mkasi kwa sababu sifanani naye."

"Ndiyo."

"Na mjomba akanyimwa kwa sababu anafanana."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lori la mjomba ni leo jioni."

Hakusema zaidi, na kwa hilo mama yake alimshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja. Kwani njia nyingine ilikuwepo, na ilikuwa rahisi. Angeweza kukaa kimya. Angekata mikono mipya yeye mwenyewe kwenye jora sahihi, Mrefu angeshona, shangazi angetulia. Kopi angepanda lori lake. Duka lingebaki kwa mwanawe, na yeye angempangia nyuzi kama mama yake alivyompangia mumewe, na angekuja mkwe siku moja naye apokee zamu ya kupanga. Hakuna ambaye angejua. Mtoto wake alikuwa na kitu kimoja tu duniani, mkasi ule, na yeye ndiye aliyempa macho yanayomnyang'anya. Ni mama gani angekwenda kusema?

Alilipita duka, akarudi, akalipita tena. Kisha akamwambia Mrefu aingie ndani akamsubiri, naye akaenda kwenye yadi ya malori kumtafuta mdogo wake.

*

Kopi alikuja kwa kuombwa sana, na mkoba wake begani. "Nakuja kwa ajili yako, dada, si kwake," alisema njia nzima. Walimkuta Fundi Mzee mezani, majora mawili mbele yake. Alikuwa anapapasa kingo zake, akitafuta alama za mkasi ambazo marehemu mkewe alizoea kuzikata, ila haya yalikuwa majora mapya na hayakuwa na alama.

"Nilisema asirudi humu," alisema bila kuinua kichwa.

"Nimemleta mimi. Baba, anayekosea rangi si Kopi. Ni mwanangu."

Mzee aliinua kichwa taratibu. "Funga mlango."

"Nitafunga, lakini nitasema. Mpima macho amempima leo. Mrefu haoni kijani na nyekundu, sawa na wewe. Macho hayo hayakupitia kwa Kopi, baba. Yasingeweza. Yamepitia kwangu."

Ndipo Kopi alipomtazama baba yake. "Sawa na nani?"

Rangi ya mzee, kama kuna aliyeweza kuiona pale, ilikuwa imemtoka. Miaka arobaini ya kusitirika ilikuwa imemalizwa na binti yake kwa pumzi moja, na Dada Mkubwa aliona aibu iliyomfanya atamani sakafu impokee.

"Huyu ana changu gani?" alisema mzee, akimwonyesha Mrefu kwa kidole. "Mtazame. Mtazame na huyo mwingine. Unanifundisha wanangu?"

"Basi mpime Kopi. Hapahapa."

Mzee alisimama. Alikwenda kwenye ubao wa nyuzi na kuzichomoa zote, kijiti baada ya kijiti, akazitumbukiza kikapuni na kuvuruga kwa mkono. Dada Mkubwa alifumba macho. Mpango ule ulikuwa wa mama yake.

"Zipange," alisema.

Kopi hakuelewa bado jambo lote, lakini alielewa kwamba anajaribiwa, na alikuwa na kiburi cha baba yake. Aliweka mkoba mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kikapuni na kurudi bila kusita. Nyeupe, maziwa, njano. Chungwa, nyekundu, damu ya mzee. Kijani kilichoiva, kijani cha majani. Kahawia tatu tofauti, akizitenganisha moja moja. Mrefu alisogea taratibu hadi akawa nyuma ya mjomba wake, anautazama mkono ule unavyochagua, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

"Tayari."

Sasa mzee akajikuta mbele ya ubao asioweza kuusahihisha. Aliinama, akainuka, akainama tena. Alimgeukia binti yake.

"Ziko sawa zote," alisema Dada Mkubwa.

"Wewe ni dada yake."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, amekuja kuona wamefika wapi.

"Karibu, mama," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa kavu. "Kabla ya yote, naomba msaada. Tazama nyuzi hizi. Kuna uliokaa pasipo pake?"

Shangazi alizitazama, kisha akamtazama yeye. "Hakuna. Zimepangika vizuri sana. Hivi harusi ni kesho nanyi mnacheza nyuzi?"

Fundi Mzee aliketi kwenye benchi la wateja, mikono magotini.

"Nilikupima," alisema, na ingawa chumba kilikuwa na watu, alikuwa anamwambia Kopi peke yake. "Ulikuwa hujaanza shule bado. Nilikwambia niletee uzi wa kijani. Ukaniletea ambao si wenyewe."

"Ulijuaje kwamba si wenyewe?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Kijani hukaa kijiti cha saba. Yeye aliutoa kijiti cha mwisho. Nilimwona kwa macho yang..."

Hakumaliza.

"Naikumbuka siku hiyo," alisema Kopi. "Mama alikuwa anaumwa, uzi aliurudisha pasipo pake. Nikautafuta mpaka nikauona mwishoni. Nilikuletea kijani, baba. Ukanipiga konzi." Aligusa kichwa chake, pale juu ya sikio lililotoka nje. "Nilidhani nimechelewa."

Mzee alijifunika uso. Hakulia kwa sauti, mabega tu ndiyo yaliyotikisika, na la kulia lilitangulia.

Shangazi wa bibi harusi alichukua kigoda na kuketi mlangoni.

*

Kazi ilibidi ifanyike. Dada Mkubwa alishusha jora la kijani, Mrefu akalitandaza na kuchora mikono kwa chaki, kwa kuwa mkono wake katika kuchora ulikuwa mzuri na hilo hakuna aliyemnyang'anya. Kopi alisimama kidogo katikati ya chumba, kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Kisha akaenda pembeni, akaondoa shuka juu ya cherehani la mama yake, akalipuliza vumbi. Hakuomba ruhusa na hakuna aliyemkataza. Lilikuwa gumu mwanzoni, likalalamika, halafu likashika mwendo.

Hakuna aliyetaja lori. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa yadi, na kila honi iliyolia barabarani Dada Mkubwa aliacha kufumua na kusikiliza. Alitaka baba yake aseme neno. Neno moja tu, baki, au samahani. Lakini mzee hakuwahi kuwa na maneno ya namna hiyo, na uzeeni hayaoti.

Mkono wa kwanza ulipokuwa tayari kuungwa, Fundi Mzee aliinuka. Alikwenda kwenye ubao, akachomoa uzi kwenye kijiti cha saba, bila kupapasa, bila kuhesabu. Akausogeza mbele ya mwanawe, mbele ya shangazi wa bibi harusi, mbele ya kinyozi ambaye alikuwa amesharudi dirishani.

"Hii ni rangi gani?" aliuliza.

Cherehani lilisimama. Kopi aliutazama uzi, kisha akamtazama baba yake, na alijua anachopewa.

"Kijani, baba. Kilichoiva. Ndio wenyewe."

"Na hii?"

"Damu ya mzee."

"Na hii?"

"Kahawia. Hiyo si yetu leo."

Mzee aliendelea kuuliza, uzi baada ya uzi, hata ule mweupe ambao hakuwa na haja ya kuuliza. Kopi alijibu huku anashona. Shangazi alitazama ukutani, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi. Mrefu aliacha chaki, akasogea akiinamisha shingo chini ya taa. Alikuwa na kipande mkononi, anakigeuza, na mama yake aliona kwamba anasitasita, na hakumsaidia.

"Na hii, mjomba?"

"Lete hapa nione vizuri," alisema Kopi. "Na ule mkoba wangu utoe pale mlangoni, watu hawapiti."